Msimu Niliomfulia Kemunto

Damu hutolewa kwa maji baridi, kamwe si kwa maji moto. Doa la majani lipake siki, ulisubiri kidogo, ndipo ulifue. Udongo mwekundu wa uwanjani usiusugue ukiwa umelowa. Uache ukauke, uukung'ute, kisha uanze kazi. Mkishika haya matatu mtaishi katika chumba cha mavazi mwaka mzima bila mtu kugundua kwamba hamjui mnachofanya. Mimi niliishi hivyo miaka miwili.

Funguo niliwakabidhi mwezi uliopita, ninyi watatu mnaonifuata, mkaniomba niseme machache pale kwenye keki ya kuniaga. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nakula. Basi naandika. Nani alipandishwa cheo na nani aliachishwa, hayo yako ofisini kwenye makabati, mtayasoma mkiwa na nafasi. Mimi nataka kueleza kazi yenyewe, na zaidi ya yote msimu mmoja wa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati timu yetu ndogo ya besiboli hapa nje ya Gaithersburg, jimbo la Maryland, ilipokuwa na mrushaji wa miaka kumi na miwili.

Nilitoka Kisii nikiwa mwanamke mzima, nikaanza kwa kutunza wazee kama wengi wetu tulivyoanza. Mgongo ulipokataa, dada mmoja wa kanisani akaniambia kuna timu inatafuta mtu wa kufua. Nilifika asubuhi nikakuta wanaume zaidi ya ishirini wanatema maganda ya alizeti sakafuni, nikajua kazi ipo.

Aliyenipokea ni Bwana Otis, Mmarekani mweusi wa hapo hapo Washington, aliyetunza vifaa vya timu mbalimbali tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani, masomo ya jioni, kwa mapenzi yake tu, na alikizungumza kama mtu aliyevaa suti.

"Shikamoo, bibi," aliniambia, ingawa alinizidi miaka thelathini. "Karibu katika chumba chetu cha kufulia."

Mimi ni mtu wa bara, shikamoo yenyewe nilikuwa nimeisikia redioni. Nikamjibu, "Asante, mzee, hata wewe," na urafiki wetu ukaanzia hapo.

Siku hiyo ya kwanza aliniacha peke yangu saa nzima. Nikatazama huku na huku nitafute la kufanya, nikaona ndoo mbili zimejaa mipira, yote imepakwa matope. Nikawaza, hawa watu wanacheza mbele ya wageni na mipira ya aina hii? Nikatia maji, nikatia sabuni, nikachukua brashi ya viatu. Bwana Otis aliporudi, mipira ilikuwa imepangwa kwenye taulo, myeupe kama mayai, nami nimesimama pembeni nangoja sifa.

Aliokota mmoja, akauzungusha kiganjani. "Bibi Moraa," akasema, "umefanya kazi safi kabisa. Sasa tuichafue."

Mpira mpya, akanieleza, hutoka kiwandani unang'aa na kuteleza, mrushaji hawezi kuushika. Kwa hiyo mtunza vifaa huupaka tope laini la mtoni, mmoja mmoja, kwa kiganja, kabla ya kila mechi. Alikuwa ameamka alfajiri kuipaka ile niliyoiosha. Tukageuza ndoo, tukaketi juu yake, tukapaka tope hadi watazamaji wakaanza kuingia. Hakumwambia mtu yeyote, na mimi ninawaambia leo kwa sababu mmoja wenu, simtaji, aliniuliza wiki iliyopita kama ile mipira huoshwa kwa mashine.

Jambo kubwa alilonifundisha lilikuwa jingine. Kabla ya kulowesha nguo, ilaze mezani uitazame. Shingo, kwapa, pindo za mikono, magoti. "Mchezaji atamdanganya kocha na atamdanganya mkewe," alisema, "lakini shati halina haja." Tulikuwa na mkimbiaji aliyeapa kwamba goti lake limepona, na kila siku suruali yake ilichafuka upande mmoja tu, kwa sababu aliogopa kuangukia upande wa pili. Bwana Otis alimwambia kocha kabla yule kijana hajajua kwamba anachechemea. Mengine hayakuhitaji kutazamwa, yalinusika. Timu ikishinda mfululizo, wako wachezaji wanaokataa nguo zao zisifuliwe, bahati isije ikatoka na maji. Mwaka mmoja tulishinda mechi tisa, na soksi za mtu mmoja zikaweza kusimama zenyewe. Niliomba Mungu tufungwe, na Mungu akasikia.

Bwana Otis alipostaafu aliniachia ile meza. Msimu wa pili baada yake ndipo Kemunto alipokuja.

Alikuja kama mtazamaji. Mama yake, ambaye sisi wa kanisani tulimwita Mama Kemunto, alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee na alifanya shifti mbili, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nilimchukua mtoto nikaenda naye uwanjani. Zamani katikati ya mechi waliita mtoto mmoja kutoka jukwaani amrushie mpira mpigaji wetu bora, watu wacheke kidogo. Siku hiyo wakamwita Kemunto. Akarusha. Mpigaji wetu akakosa. Watu wakacheka. Akarusha tena, mpigaji akakosa tena, na safari hii nilimjua kwa mabega kwamba hakukosa kwa hiari. Mara ya tatu alikosa hadi kofia ikamtoka, na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Mtoto huyu alikuwa amejifunza peke yake. Mama yake akiwa kazini, ruhusa ya kucheza nje aliyopewa iliishia pale jirani wa dirishani angeweza kumwona, yaani kwenye ukuta mmoja wa magorofa yao. Basi akaurushia mpira ukuta huo miaka mitatu. Mpira wake ulikuwa wa polepole, haukuzunguka hata kidogo, na ulipokaribia kufika ulianguka ghafla. Wanaume waliozoea mpira wa kasi walikuwa wanamaliza kupiga kabla haujafika.

Mwenye timu, Bwana Hollis, aliuza magodoro, na alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila kiti kitupu ni tusi kwake. Alisoma kitabu cha sheria za ligi yetu ndogo kurasa zote, asione mahali palipoandikwa umri. Wiki hiyo hiyo akaenda Gaithersburg kwa Mama Kemunto na karatasi ya mkataba, akidhani atakaa dakika tano. Alikaa saa nne. Alikuta mzee wa kanisa, ugali, samaki na watu wazima saba waliotaka kujua wazazi wake ni nani, wako hai, na yeye anasali wapi. Kila alipoitoa ile karatasi, mtu alimwongezea mboga.

Mwishowe Mama Kemunto aliichukua. Hakuisoma. Alinigeukia mimi.

"Moraa, wewe uko huko kila siku. Mimi na hizi shifti siwezi. Utaniangalizia mtoto?"

"Nitamwangalia."

"Kama wako?"

"Kama wangu," nikasema mbele ya watu wote, na mzee wa kanisa akaitikia amina. Ndipo aliposaini.

Kemunto hangeweza kubadilishia nguo pamoja na wanaume, kwa hiyo nilimtundikia pazia nyuma ya mashine za kufulia, na chumba changu kikawa chake. Shati dogo kuliko yote tuliyokuwa nayo lilimfika magotini.

"Auntie, it's huge!" alisema, akipotea humo ndani.

Kiswahili alikisikia vizuri ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote. Nilikata shati lile, nikapunguza mabega, nikahamisha namba saba mgongoni, nikashona upya kwa mkono. Likawa shati moja pekee katika timu nzima lisilokuwa na jingine la akiba. Sheria ilikuwa wazi: asiye na shati la timu, namba ikionekana mgongoni, haingii uwanjani wala haketi benchi.

Mechi yake ya kwanza nimeisimulia mara nyingi, na mtaniwia radhi nikiisimulia tena. Mpigaji wa kwanza alikuwa jitu, akamtabasamia mtoto kama mtu anayesubiri kupewa ua. Mara ya tatu, ile ambayo mpigaji akikosa anatoka, alizunguka kwa nguvu hadi akaketi chini. Wa pili alivunja gongo lake kwenye goti kwa hasira. Wa tatu alimuuliza mwamuzi kama hii inahesabiwa. Ilihesabiwa. Wachezaji wetu walikuwa wameficha nyuso ndani ya glovu, wanatikisika kwa kicheko, na Kocha Pruitt, mtu mwema sana aliyemwogopa sana tajiri wake, alikuwa anajifuta macho.

Baada ya hapo Wakenya wakaanza kuja. Walitoka Falls Church, walitoka College Park, wakavumilia foleni ya ile barabara kuu ya Beltway na chupa za chai na chapati zilizofungwa kwenye foili. Wengi hawakuelewa mchezo. Mama mmoja kila dakika aliuliza bao ni ngapi, na akijibiwa alisikitika bila kujua ni kwa ajili ya nani. Lakini Kemunto alipotokea walipiga vigelegele hadi mwamuzi akasimamisha mechi kuuliza kama kuna mtu ameumia. Viti vikajaa. Bwana Hollis akawa anaimba koridoni.

Mpango wa kocha ulikuwa mzuri: zamu moja tu kwa mechi, yaani hadi wapigaji watatu watoke, na ule mpira wake wa polepole tu. Ungebaki hivyo, singekuwa na la kuandika. Lakini wapigaji si wajinga. Kufikia katikati ya Julai walikuwa wamejifunza kungoja, wakaanza kumpiga. Mtoto akahuzunika, tajiri akahuzunika zaidi, na mmoja wa warushaji wetu, kwa nia njema kabisa, akamfundisha mpira wa kupinda, ule ambao mkono unasokotwa kwenye kiwiko wakati wa kuuachia. Akaushika kwa siku mbili. Wapigaji wakaanza kuanguka tena. Zamu moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu, kwa sababu watu waliimba jina lake na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema basi. Na mimi sikusema.

Kabla ya mechi tulikula pamoja kwenye ile meza ya kutazamia nguo. Nilibeba ugali na sukumawiki, maana mtoto hawezi kufanya kazi ya wanaume kwa maganda ya alizeti. Siku moja nikamwona anamega kwa mkono wa kushoto.

"Kemunto! Mkono gani huo?"

Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sorry, Auntie."

Akabadilisha. Lakini hakuinua tonge likaenda mdomoni. Aliinamisha shingo hadi paji la uso likakaribia bakuli.

"Na ukae wima," nikamwambia. "Wewe si kuku."

Jumapili iliyofuata pasta alikuwa mlangoni anasalimia watu, na Kemunto akampa mkono wa kushoto. Nilisikia joto hadi shingoni. Nikamfinya. "Unataka waseme mama yako hakukufunza?" Akatoa wa kulia, pasta akautikisa kwa furaha yake yote, na mtoto akawa na machozi. Nikaona ameshaharibika, sifa zimemwingia kichwani. Mama yake sikumwambia, nikidhani ninamwepushia aibu.

Ikafika Ijumaa moja ya Agosti. Watu wa televisheni kutoka Washington walikuwa wanakuja kumpiga picha, na Bwana Hollis alikuwa amevaa tai tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimechelewa na nguo za jana yake. Nikalaza shati namba saba mezani, nikalitazama kama ninavyotazama mengine yote.

Kemunto alikuwa na tabia ya kujifuta mdomo kwa shati. Kila mara mkate wa soseji, kila mara haradali, kila mara pindo la mkono wa kulia. Nilikuwa nimefua haradali ya kulia miezi miwili, hadi nikawa naifua bila kuangalia upande. Siku hiyo pindo la kulia lilikuwa safi. Haradali ilikuwa kushoto. Nikageuza shati ndani nje, na pale kwenye kiwiko cha kulia nikakuta alama ya mafuta. Nikanusa. Ilikuwa dawa ya kuchua, ile kali ya wazee.

Nikakaa. Nilikumbuka lile tonge na ile shingo iliyoinama. Mtoto hakuwa amekosa adabu. Mkono wake haukuwa unafika mdomoni. Nami nilikuwa nimemlazimisha kuutumia, mara mbili, mara moja mbele ya pasta. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na sijui aibu nyingine niliyowahi kuona kama hiyo, nami nina umri huu.

Nilimwendea Kocha Pruitt. Alisema amemuuliza mtoto mwenyewe na mtoto amesema yuko sawa. Nilimwendea Bwana Hollis. Alisema tutamtazama Jumatatu, kwa utulivu. Kemunto alipofika saa tisa nilifunga mlango.

"Kunja mkono nione."

"I'm fine."

"Sikukuuliza hivyo. Kunja."

Akakunja. Ulifika nusu ukakwama, na uso wake ukabadilika rangi. Nilimuuliza dawa ameipata wapi. Kwenye mkoba wa mama yake. Nilimuuliza tangu lini. Hapo maneno yakamtoka yote kwa mpigo.

"Please don't tell Mom. She's coming today. She switched shifts. She's never seen me, Auntie, not one time. Just today. Then I'll rest, I promise."

Ilikuwa kweli. Msimu mzima watu wa Maryland na Virginia walimwona mtoto yule, ila mama yake. Alikuwa amezisikia sifa kwenye simu na kanisani, na leo alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aje. Nilimwambia aende akanyooshe miguu na wenzake, nami nitamletea shati.

Alipotoka nikalichukua lile shati, nikaliweka kwenye karai, nikafungua bomba. Nikatia sabuni. Nikalikandamiza hadi viputo vikaisha. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mchezaji aliyekosa nguo kavu kwa sababu yangu, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Kisha nikapiga simu kule kazini kwa Mama Kemunto, nikawaambia atakapotoka aje moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia, asiende jukwaani. Kisha nikaenda nyuma ya mashine ya kukaushia, nikatoa fyuzi, nikaitia mfukoni mwa aproni.

Bwana Hollis aliingia zikiwa zimebaki dakika ishirini mechi ianze.

"Shati liko wapi?"

"Kwenye maji."

Akatazama karai. "Litie kwenye mashine likauke."

"Mashine imeharibika."

"Tangu lini?"

"Tangu dakika tano zilizopita."

Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango. "Moraa, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Kamera ziko juu ya paa. Mpe shati jingine."

"Jingine litaingia kwenye suruali pamoja na namba yake. Mwamuzi hatakubali. Kitabu cha sheria umekisoma mwenyewe."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze baada ya mechi," nikasema. "Sasa hivi kuna wanaume wananingoja niwape soksi."

Sikuwa nimemwona Kemunto mlangoni. Alitazama karai, akanitazama mimi, akaelewa kabla ya tajiri.

"You did that on purpose," alisema. "You ruined it. She's coming and you ruined it!"

Na hapo hapo mama yake akatokea nyuma yake, bado amevaa nguo za kazini, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Alitusalimia wote kwanza, hata Bwana Hollis, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilimwambia kwa maneno mawili: mkono, kiwiko. Akamshika mtoto wake kama anavyowashika wagonjwa.

"Kunja."

"Mom, I'm..."

"Kemunto, kunja."

Ukafika nusu. Mama yake akabonyeza kwa kidole gumba, upande wa ndani, na mtoto akapiga ukelele uliomfanya Bwana Hollis avue kofia.

"Hachezi," Mama Kemunto akamwambia. "Leo hachezi, mwezi huu hachezi, na ile karatasi yako uniletee niichane."

Nitamtendea haki Bwana Hollis. Aliondoka, akaenda mwenyewe kwenye kipaza sauti akawaambia watu kwamba mtoto ameumia na mechi itachezwa bila yeye, na hakuna aliyedai arudishiwe tiketi. Kesho yake alimleta fundi wa mashine. Fundi akamwonyesha kwamba fyuzi haipo. Bwana Hollis akasema fyuzi siku hizi ni mbovu sana, na habari ya kunifukuza sikuisikia tena. Daktari naye alisema mkono usirushe kitu mwaka mzima. Haukurusha, na ukapona.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mle chumbani tulibaki watatu, mtoto ametugeuzia mgongo, uso kwenye mashine ya kukaushia.

"Moraa," Mama Kemunto akasema taratibu, "ulisema utamwangalia kama wako. Huu mkono umeuma wiki ngapi?"

"Tatu. Labda zaidi."

"Na wewe uliona nini?"

"Niliona adabu mbaya," nikasema.

Nikamweleza yote, ugali, kuku, pasta, jinsi nilivyomfinya. Sikupunguza kitu. Nilingoja aniseme, na ningestahili. Akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Hata kwangu," akasema. "Kifungua kinywa. Alishika kijiko na kushoto, nikamwambia aache ujinga wa Kizungu."

Tukatazamana, wanawake wawili tuliowatunza wagonjwa miaka yote hiyo. Mtoto alikuwa ametii kila tulichomwambia, na kutii huko ndiko kulikomuumiza.

Kule tulikolelewa, mtu mzima alikosea na mtoto akasema pole. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba msamaha nikiwa mdogo, kwa hiyo sikujua maneno huanzia wapi. Nikamwendea alipokuwa amesimama.

"Kemunto. Nilikugombeza na mkono wako ulikuwa unauma. Makosa ni yangu, si yako. Nisamehe."

Hakugeuka. Nje wimbo wa taifa ulikuwa umeanza, watu wanasimama, viti vinagongana.

"Mom," alisema mwishowe, bado anaitazama mashine. "Do you have to go back to work?"

"Nimechukua jioni yote."

"So you could still watch."

"Nitazame nini, mama?"

"Me. On the bench." Akageuka, pua nyekundu. "They let you sit if you've got the shirt."

Nikatoa shati kwenye karai, nikalikamua hadi mikono ikauma. Nikaitoa ile fyuzi mfukoni, nikasema anipe nusu saa tu, nitalikausha.

"They're starting, Auntie."

Basi nikalikung'uta. Mimi na mama yake tulikwisha kuwavisha wazee wengi, hakuna aliyehitaji kumwelekeza mwenzake: mkono unaouma kwanza, polepole, kisha ule mzima. Lilikuwa bichi kabisa, baridi, akaruka kidogo lilipomgusa mgongo. Kisha akasimama wima kati yetu, maji yanamdondokea kwenye viatu, akainua kidevu, akatuacha tumfungie vifungo, mama yake kuanzia juu, mimi kuanzia chini.